Mwarobaini Niliomficha Daktari

Shida zangu zilianza mwaka wa 1978, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alipofariki huko Kitui na masomo yangu yakaishia darasa la tatu. Shida hizo nilizishinda. Hili ninaloungama leo si shida, ni kosa, na nililifanya nikiwa mtu mzima, nimeshiba, ndani ya nyumba niliyoijenga mwenyewe hapa Tassia, Nairobi.

Kosa lenyewe ni hili. Daktari alimuuliza mke wangu swali, nikajibu mimi. Tena nikajibu uongo. Nusura nimzike.

Jina langu siweki. Mimi ni mwenye nyumba, na wapangaji wakipata kitu cha kumcheka mwenye nyumba hawakiachi mpaka siku ya kuhama.

Kwanza mjue nilivyo, ndio mjue kosa lilitoka wapi. Nilikuja Nairobi nikabeba magunia Industrial Area. Kazi ya kuchomelea vyuma sikufundishwa na mtu. Nilikuwa nasimama nje ya karakana ya fundi mmoja wakati wa chakula cha mchana, natazama. Alinifukuza mara mbili, mara ya tatu akachoka akanipa brashi ya waya nisugue kutu. Leo ukipita mtaa wa Pipeline ukaona milango ya chuma ya rangi ya buluu, yenye ua la nyota katikati, mingi nimeitengeneza mimi. Sasa mtu aliyejifundisha kazi yake mwenyewe hudhani kila kazi hujifundishwa hivyo. Hata udaktari.

Miaka mitatu iliyopita mke wangu, Mama Mwende, alipatikana na sukari. Akapewa vidonge, anywe kimoja asubuhi na kimoja jioni, pamoja na chakula. Nilikitazama hicho kidonge. Kidogo, kama kifungo cha shati la mtoto. Nikamwambia, "Hiki ndicho kitapigana na ugonjwa wa mtu mkubwa kama wewe?"

Akasema, "Baba Mwende, mimi nitameza nilichopewa."

Lakini mimi nilikuwa na langu kichwani. Kwetu Kitui mwarobaini unaota mpaka nyuma ya choo. Mama yangu alitulea nao. Homa ikikushika, mwarobaini. Ukiwashwa ngozi, unaogeshwa maji ya majani yake. Kijiti chake ndio ulikuwa mswaki wetu, na majani makavu yalitiwa kwenye mahindi yasiliwe na wadudu. Watu husema unatibu magonjwa arobaini. Mimi niliona hao waliohesabu walichoka mapema.

Mama alikuwa na sheria zake. Kitawi kimoja kibichi, maji ya sufuria ndogo, unakunywa nusu kikombe jioni ukiwa umekula. Siku tatu, halafu basi. Mwanamke mwenye mimba asionje hata kidogo, na mtoto anayenyonya asipewe. Ukimwambia mama bado unaumwa uongezewe, alikuwa anamwaga iliyobaki uani huku unaangalia. Mama hakuingia darasa hata siku moja, lakini kuacha alijua.

Mimi nilichukua mwarobaini wa mama, sheria nikaziacha Kitui.

Nilileta gunia zima la majani kwa basi. Nikayaanika juu ya paa, yakakauka, nikayapeleka kwa mashine ya posho Pipeline yasagwe unga. Mwenye mashine hakuuliza ni nini. Kesho yake asubuhi nilipofungua geti nilimkuta Wambui ananingoja. Wambui ni mpangaji wangu wa chini, anauza mboga hapo mlangoni, na mdomo wake hauna kifuniko.

"Mzee wangu, jana umesaga nini pale kwa mashine?"

"Dawa."

"Basi hiyo dawa tumekula sisi wote. Nimesaga mahindi yangu nyuma yako. Ugali ni chungu, watoto wamekataa. Nimepea kuku, kuku pia imekataa."

"Mtashukuru. Inasafisha damu."

"Nani alikuambia damu yetu ni chafu?"

Siku mbili nzima ugali wa nyumba mbili tatu hapa ulikuwa mchungu. Watu walilalamika, na mimi nikafurahi. Nilijiambia, kama uchungu wa mabaki tu ndani ya mashine ni huo, dawa yenyewe ina nguvu kiasi gani?

Nikaanza kuwagawia watu. Mwenye mgongo, kijiko. Mwenye kikohozi, kijiko. Kijana wa ghorofa ya tatu aliyeachwa na mpenzi na hali chakula, yeye pia kijiko. Wakaanza kuniita Daktari. "Niaje, Daktari," wananipitia kwenye ngazi. Sikuwa nauza. Ningeuza ingekuwa biashara. Mimi nilikuwa naringa.

Na kipimo changu sasa. Mama alitumia kitawi kibichi. Mimi nilikuwa na unga mkavu, ambao kijiko kimoja ni matawi mangapi sijui mpaka leo. Nilikuwa natia vijiko vitatu vya kupakulia, nachemsha mpaka maji yawe meusi kama oili iliyotoka kwenye lori. Kikombe kizima asubuhi, kizima jioni, kila siku, hakuna cha siku tatu. Kwa kazi yangu, bawaba ikilegea unaongeza moto na chuma, inashika. Nikadhani mwili wa mke wangu ni geti.

Mama Mwende alikuwa anakunywa akifunga macho, halafu ananirudishia kikombe. Vidonge pia alikuwa anameza. Hilo nilijua. Nilisema vimeze tu, havina nguvu, havitadhuru.

Baada ya mwezi na kitu ilifika siku ya kliniki. Nilimsindikiza. Kwenye foleni mbele yetu kulikuwa na mzee wa rika langu, na muuguzi aliyekuwa mapokezi aligundua kwamba amekuwa akinywa mizizi. Alimsema mbele ya watu wote. "Mzee mzima, unakunywa miti, halafu unakuja hapa kutusumbua." Yule mzee alishika kofia yake mikononi kama mwanafunzi aliyechelewa. Watu wengine waliangalia sakafu, wengine wakacheka.

Nikaapa moyoni kwamba mimi sitasemwa hivyo.

Tukaingia ndani. Daktari alikuwa msichana, mdogo kuliko binti yetu Mwende. Akampima mke wangu kidoleni, akatabasamu. "Mama, umeshuka vizuri sana. Dawa imekukubali."

Mimi nilikuwa nacheka ndani ya tumbo. Dawa gani, mtoto wewe? Dawa iko nyumbani kwa kopo.

Halafu akauliza, akimwangalia Mama Mwende: "Kuna kitu kingine unatumia? Mitishamba, unga wowote, kitu umepewa na mtu? Niambie tu, mama, siwezi kukugombeza."

Mke wangu alifungua mdomo. Nikawahi.

"Hakuna," nikasema. "Huyu ni chai na maji. Basi."

Daktari akaniangalia, akamwangalia mke wangu. Mke wangu akanyamaza, kwa sababu amefunzwa kwao kwamba mume hapingwi mbele ya wageni. Daktari akaandika. Kalamu yake iliandika uongo wangu kwenye karatasi ya mke wangu.

Nje, Mama Mwende akaniuliza, "Mbona umenijibia?"

"Ulitaka usemwe kama yule mzee?"

"Daktari alisema hagombezi."

"Wote husema hivyo."

Hakuniuliza tena. Tulitembea mpaka nyumbani, mimi mbele.

Wiki mbili baadaye kanisa lao lilikuwa na maombi ya kufunga, siku tatu, wamama hawali mpaka jioni. Mama Mwende hakutaka kushiriki. Alisema aliambiwa vidonge haviendi na njaa. Na mimi, Daktari wa ngazi, nikamwambia, "Kunywa mwarobaini kikombe kizito, utakushikilia. Utawaachaje wenzako?" Siku ya kwanza alivumilia, akarudi amechoka. Siku ya pili asubuhi alimeza kidonge, akanywa kikombe changu, hakula kitu.

Kabla ya saa tano nilikuwa uani napaka geti rangi. Wambui akaniita kutoka ngazini.

"Mzee, kuja uone mama. Anaongea vitu sielewi."

Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya kwanza, Biblia imeanguka. Jasho linamtoka kama mtu aliyemwagiwa maji. Mikono inatetemeka. Alinitazama akaniita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Akaniuliza kama mbuzi wamenyweshwa maji.

Sasa sikieni nilichofanya, kwa sababu ndicho kinachoniamsha mpaka leo. Nilisema sukari imepanda. Nikakimbia juu, nikachukua kile cheusi kilichobaki kwenye sufuria, nikamletea kikombe kingine. Nikamshika kidevu nimnyweshe.

Alikunywa mafunda mawili. Mengine yakamwagikia kwenye leso. Wambui akanishika mkono, mwanamke mwembamba yule, akanishika mkono wa fundi chuma nikashindwa kuusogeza.

"Mzee, wachana na hiyo kitu. Twende hospitali saa hii."

"Ni sukari, nimeshaanza kumtibu."

"Umemaliza kutibu. Shika miguu."

Tulimbeba mimi na yeye mpaka barabarani, tukapata tuktuk. Njiani Mama Mwende aliacha kuongea. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu na kila tukiruka tuta kinaenda upande, sijawahi kuona kichwa kizito hivyo. Nilianza kuomba kwa Kikamba. Wambui naye anaomba kwa Kikikuyu. Mwenye tuktuk alikuwa anapiga honi tu.

Kliniki ni ile ile. Daktari ni yule yule msichana. Akamchoma kidole, akasoma mashine, akasema kwa sauti, "Moja nukta nane." Sikujua ni kubwa au ndogo. Nikauliza, "Imepanda sana?"

"Imeisha, mzee. Sukari imeisha mwilini. Amekula nini? Amekunywa nini?"

Walikuwa wanatafuta mshipa. Mkono wa mke wangu ulikuwa baridi kama bomba. Na mimi, Mungu anisamehe, ulimi wangu ulisema, "Chai."

Nilidanganya tena. Mke wangu amelala pale macho meupe, na mimi bado nilikuwa naogopa kusemwa na msichana.

Wambui hakupiga kelele. Aliniangalia tu akasema polepole, "Mzee, akikufia hapa, hiyo chai utampikia nani?"

Ndio nikasema. Nilisema yote, mwarobaini, vijiko vitatu, asubuhi na jioni, siku ngapi, na mafunda mawili ya ngazini. Nilisema hata mambo ambayo hakuniuliza. Daktari hakunitukana. Aliniuliza lini mara ya mwisho, ni majani au unga, na kama kuna nyingine nyumbani aletewe. Huku anasukuma maji ya sukari kwenye mshipa. Alisema ni vizuri amejua, kwa sababu bila kujua angempa sukari, mgonjwa angeamka, angemruhusu aende nyumbani, na vidonge pamoja na mwarobaini vingeendelea kuishusha. Angezimia tena nyumbani, mbele yangu mimi, na kikombe changu mkononi.

Mama Mwende alifungua macho. Cha kwanza alimtazama Wambui. Mimi alinitazama baadaye.

Tukapelekwa hospitali kubwa, akakaa siku mbili kwenye dripu, anapimwa kila saa. Kabla hatujaondoka kliniki nilimuuliza yule daktari, maana kiburi hakifi siku moja, "Kwa hivyo mwarobaini ni sumu?"

Akasema, "Mzee, mwarobaini wako unafanya kazi. Hiyo ndiyo shida. Ulishusha sukari, na vidonge vilishusha, na njaa ikashusha. Mngekuwa mmeniambia siku ile, ningepunguza vidonge ama ningewaambia muache hiyo. Nilikuwa nafurahia namba nzuri na sijui imetoka wapi."

Maisha yangu yote nimetaka msomi mmoja aniambie kwamba dawa ya mama yangu inafanya kazi. Nimeambiwa. Nimeambiwa nikiwa nimeshika viatu vya mke wangu mkononi.

Akaniambia mengine. Kwamba mwenye mimba asikaribie, na watoto wadogo wasipewe, hasa yale mafuta yake, yameshaua watoto. Kwamba mgonjwa wa ini au figo ajihadhari. Nikasema moyoni, haya yote mama alikuwa anayajua bila mashine, nusu yake angalau, na mimi nikayatupa.

Hospitalini walipomruhusu, Mama Mwende hakurudi Tassia. Mwende alikuja na gari la rafiki yake akamchukua, akaenda kukaa naye Athi River. Nilidhani ni wiki moja. Zikawa saba.

Wiki saba, wenzangu. Nyumba ya vyumba vitatu na mimi peke yangu na kopo la mwarobaini. Nilipiga simu kila jioni. Mwende anashika, "Mama anapumzika." Nikisema nije nimwone, "Mama amesema bado." Vijana wa ngazi waliacha kuniita Daktari. Hawakunicheka pia, na hiyo ndiyo iliniuma. Yule wa ghorofa ya tatu alinirudishia unga wake kwenye karatasi, amekunja vizuri. "Shika tu, mzee," akasema. Yeye ameshapata mpenzi mwingine, anakula.

Nikalipeleka kopo lote kwa daktari nikamwambia atupe yeye, mimi mkono unakataa.

Aliporudi, Mama Mwende hakuingia mpaka tulipoongea. Alisimama pale getini, mkoba begani, Wambui anajifanya anapanga nyanya.

"Nimerudi," akasema. "Lakini kwa daktari nitaenda mwenyewe."

"Nitakusindikiza."

"Utanisindikiza. Ndani hutaingia."

"Na nikitaka kujua alichosema?"

"Utaniuliza. Nikitaka nitakuambia."

"Mama Mwende, mbele ya watu?"

"Mbele ya watu ulinijibia."

Wambui akaangusha nyanya. Nikasogea, nikampisha apite. Katika miaka thelathini na minne ya ndoa hiyo ndiyo mara ya kwanza niliona mke wangu akipanda ngazi zangu akiwa mbele.

Chai yangu alikataa kunywa mwaka mzima. Alikuwa hanisemi, anapika yake tu kwenye sufuria yake. Mimi ndiye nilikuwa napika chai ya asubuhi nyumba hii tangu tuoane, maana naamka mapema. Kukataliwa chai na mtu wako ni kitu kidogo, hata huwezi kumlalamikia pasta. Lakini kila asubuhi unakiona.

Sasa kwa nyinyi mnaosoma. Sisemi muache miti shamba. Nikisema hivyo mtaniita mnafiki, na mswaki wangu bado ni kijiti. Nasema hivi. Kama unameza vidonge vya hospitali, usiongeze kitu cha jikoni kimyakimya. Mwambie daktari. Akikugombeza, gombezwa, hakuna aliyekufa kwa kugombezwa. Beba hicho kitu kwenye mfuko umwonyeshe. Ukimwona mgonjwa wa sukari anatokwa jasho, anatetemeka na kuongea ovyo, usijifanye unajua. Akiwa bado anaweza kumeza, mpe kitu kitamu, soda yenye sukari au maji ya sukari, halafu kimbia hospitali. Akiwa hawezi kumeza usimtie kitu mdomoni, kimbia tu.

Na nyinyi madaktari na wauguzi, yule mzee aliyeshika kofia, mlipomsema mbele ya foleni hamkumsema peke yake. Sisi wengine tulikuwa nyuma yake tunasikiliza, na tulijifunza kuficha.

Waume, mke akiulizwa kuhusu mwili wake, nyamaza. Mimi nilijifunza kuchomelea chuma kwa kutazama bila kufungua mdomo. Sijui ni nini kilinifanya nisahau kwamba hata hiyo ni njia ya kujua kitu.

Leo nina nyumba moja Tassia, ghorofa nne, vyumba kumi na vinane, vyote vina watu. Nina karakana na mashine mbili za kuchomelea. Nina shamba Kitui, ekari tatu, na miti mitano ya mwarobaini ambayo sijaikata. Nina binti mmoja, siku hizi akishika simu ananisalimu kwanza. Nina mashine ndogo ya kupima sukari, na miwani ya kuisomea. Na nina mke mmoja, ambaye hujibu maswali yake mwenyewe.